Akimaliza gereza, anarudi wapi?

Juma hili tulikuwa tumepanga kuandika juu ya bei ya unga wa mahindi, ambayo kila mtu hapa Kikula anaijua bila sisi kuiandika. Itangoja. Katika kikao cha mwisho, wakati tulipokuwa tunahesabu pesa ya likelemba, mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alisimama bila kuomba neno. Alisema: «Minamuona, ba mama. Minamuona na macho yangu, pa robineti.» Akakaa tena.

Wengi wetu tulijua mara moja anamsema nani. Wale wasiojua walielezwa kwa sauti ya chini. Mwanaume aliyemnajisi binti yake, jirani wa avenyu ileile, alihukumiwa miaka 10. Siku ya hukumu mtoto alikuwa katika mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Mama alikuwa amehesabu kwa vidole: huyu akitoka, mtoto atakuwa mtu mzima, labda ameolewa, labda ameenda kusoma Lubumbashi. Sasa mtoto yuko mwaka wa sita, anajitayarisha kwa mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, na yule mwanaume anasimama pa robineti na bido la manjano mkononi kama mtu aliyerudi safari. Hakuna aliyemwambia mama kitu. Mtoto ndiye alimuona wa kwanza. Alirudi nyumbani bila maji na bila bido, na hakusema neno mpaka usiku.

Likelemba ya siku hiyo hatukuimaliza vizuri. Kuna waliolia. Kuna aliyesema tuwaite vijana wa kartye wakamtengeneze yule mwanaume; juu ya hilo tutarudi. Na kuna jambo lingine tunapaswa kulisema, maana tusipolisema makala hii itakuwa ya uongo. Katika chumba kilekile alikuwako mama mwingine, ambaye kijana wake yuko gerezani kwa kosa la namna hiyohiyo. Kila juma anamchukulia bukari na mboga, kwa sababu katika magereza yetu mfungwa asiye na jamaa wa kumletea chakula anaweza kufa na njaa. Hakutoka nje. Hakusema pia. Tunaandika tukijua kwamba wamama wote wawili watasoma.

Hesabu ya robo

Tulichukua muda kuuliza watu wanaojua sheria na kusoma wenyewe. Swali la kwanza lilikuwa rahisi: kwa nini miaka 10 imekuwa mitatu?

Sheria ya kuadhibu ubakaji ipo, na si laini. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamfunga mbakaji kutoka miaka 5 hadi 20. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema anayembaka mtoto afungwe kutoka miaka 7 hadi 20, na alipe faini. Mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18, hata kama wanasema «alikubali». Tena, kama aliyefanya ni mzazi, mlezi, au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, adhabu ya chini inazidishwa mara mbili. Walimu wametajwa humo. Sisi tunaoshika chaki tunaona ni sawa kabisa.

Kwa hiyo miaka 10 ilikuwa hukumu ya kawaida. Lakini Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 35, inafungua mlango mwingine ambao watu wengi hawaujui: kufunguliwa kwa sharti. Mfungwa anaweza kuachiliwa akiisha kumaliza robo ya kifungo chake, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Anayefungwa maisha anaweza kufunguliwa kwa sharti akipita miaka 5.

Chukueni kalamu. Robo ya miaka 10 ni miaka 2 na nusu. Robo ya miaka 7 ni mwaka mmoja na miezi 9. Robo ya miaka 20, adhabu ya juu kabisa, ni miaka 5. Mtoto aliyebakwa akiwa na miaka 8, na mwanaume akapewa adhabu kubwa kuliko zote, anaweza kukutana naye njiani akiwa na miaka 13 au 14.

Hatusemi kifungu hicho ni kibaya. Kimewekwa kwa sababu. Mfungwa asiye na tumaini la kutoka mapema hana sababu ya kuwa na mwenendo mzuri, na magereza yetu yamejaa kupita kiasi. Tena haki hiyo haiji yenyewe: ni Waziri wa Haki anayeamua, akiisha kusikia maoni ya parke na ya mkubwa wa gereza. Na anayefunguliwa kwa sharti anaweza kurudishwa ndani akivunja masharti au akiwa na mwenendo mbaya. Shida yetu ni hii: katika watu wanaotoa maoni, mama wa mtoto hayumo. Anajua habari pa robineti.

Na huo ni mlango wa haki. Kuna milango mingine inayofunguka bila sheria. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, Lubumbashi, na wafungwa zaidi ya 900 walitoka, pamoja na Gédéon Kyungu Mutanga, aliyekuwa amehukumiwa kwa maovu yaliyotendeka hapa Katanga. Mwaka 2020, kuanzia tarehe 25 Septemba, fujo ilizuka katika Kasapa hiyohiyo. Sehemu ya wanawake ilichomwa moto, na wanawake waliofungwa walibakwa kwa siku tatu bila kuokolewa. Katika Januari 2025, vita ilipofika Goma, maelfu ya wafungwa wa Munzenze walitoka, na zaidi ya wanawake 100 waliokuwa ndani walibakwa, wengi wao wakafa katika moto. Tunaandika hivi kwa sababu watu wanapenda kusema «yuko boloko» kana kwamba neno hilo limemaliza kila kitu.

Mlango wa tatu ni msamaha wa mkuu wa nchi. Wenye umri wetu watakumbuka habari ya Tanzania, sababu wahusika ni wanamuziki wenye asili ya Kongo: Nguza Viking, anayeitwa Babu Seya, na kijana wake Papii Kocha. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka wasichana wa shule ya msingi mjini Dar es Salaam. Tarehe 9 Desemba 2017, siku ya uhuru wa Tanganyika, Rais Magufuli aliwasamehe, na jioni ileile watu walicheza muziki wao. Wao siku zote walikana kosa. Miezi mitatu baadaye, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba katika kesi yao baadhi ya haki za mshtakiwa hazikuheshimiwa. Mkumbuke habari hii yenye pande mbili. Kuna mama waliomuona mtu aliyehukumiwa kwa ajili ya watoto wao akitoka kwa shangwe. Na kuna uwezekano, katika kila kesi inayoendeshwa vibaya, kwamba tribinali limekosea. Yeyote anayetaka mtu asitoke tena kamwe inafaa ajibu upande huo wa pili pia.

Wanaofunga baada ya kufunga

Katika kikao mama mmoja kijana aliuliza: «Hakuna nchi ambapo mtu kama huyo hawamwachi hata akimaliza miaka yake?» Ziko.

Tuanze na Ubelgiji, tunayoijua kwa mazuri na mabaya. Mwaka 1989 mwanaume anayeitwa Marc Dutroux alihukumiwa miaka zaidi ya 13 kwa kuteka na kubaka wasichana. Mwaka 1992 alifunguliwa kwa sharti. Katika 1995 na 1996 aliteka wasichana sita, wanne walikufa. Tarehe 20 Oktoba 1996 watu karibu 300,000 walitembea Bruxelles wamevaa nguo nyeupe, wamama na wababa na watoto. Baada ya hapo Ubelgiji ilibadilisha sheria nyingi, na leo hakimu anaweza kuamuru kwamba mhalifu mkubwa, akimaliza kifungo, abaki bado chini ya mkono wa tribinali linalosimamia adhabu kwa miaka mingine.

Ufaransa ilifuata njia hiyo. Katika Julai 2007 mzee mmoja, Francis Evrard, alitoka gerezani baada ya miaka mingi kwa makosa ya kunajisi watoto. Wiki sita baadaye alimteka mtoto wa kiume wa miaka 5 mjini Roubaix. Tarehe 25 Februari 2008 sheria mpya ilitoka: mtu aliyehukumiwa miaka 15 au zaidi kwa makosa mazito kama hayo, ikiwa waganga na mahakimu wanaona bado ni hatari kubwa, anaweza kuwekwa katika nyumba ya ulinzi, si gereza, kwa mwaka mmoja, na mwaka huo unaweza kurudiwa. Watu waliowekwa humo mpaka leo ni wachache sana, sababu sheria haikuweza kuwagusa waliohukumiwa kabla yake.

Wanaoongoza kwa jambo hili ni Wamarekani. Jimbo la Washington lilianza mwaka 1990, na leo majimbo karibu 20 yana sheria ya namna hiyo. Mwaka 1997 mahakama yao kuu kabisa ilikata kesi ya Leroy Hendricks wa Kansas, mwanaume aliyekuwa ameharibu watoto kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe alikiri mbele ya hakimu kwamba kitu cha hakika cha kumzuia asirudie ni kifo tu. Mahakimu watano dhidi ya wanne walisema anaweza kuzuiwa baada ya kumaliza kifungo, kwa sababu kuzuiwa huko si adhabu bali ni ulinzi na matibabu.

Ukisoma hivyo unasema: ndiyo, na sisi tunataka. Basi tuangalie Minnesota. Huko mpango huo ulianza 1994. Miaka 20 baadaye walikuwa wamefunga watu zaidi ya 700 ambao vifungo vyao vimekwisha, na mwaka 2015 hakimu alipochunguza aliona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa ameachiliwa kabisa. Hata mmoja. Wengine walikuwa wamezeeka, wengine walifanya kosa wakiwa bado watoto. Nyumba inayoitwa ya matibabu, ambayo mgonjwa haponi kamwe, inafanana sana na gereza lenye jina lingine. Na inagharimu pesa nyingi: waganga, walinzi, chakula, mahakimu wa kuangalia kila kesi upya.

Hapa kwetu, nani angelipa? Ni wangapi wenye masomo ya kupima akili ya mtu na kusema huyu atarudia na huyu hatarudia? Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha Mafrere wa Upendo, na kazi yake ni kutunza wagonjwa, si kulinda wahalifu. Mahali ambapo mfungwa anaishi kwa bukari ya mama yake, kumzuia mtu miaka mingine baada ya hukumu kungekuwa ni kumtupa tu. Na tunajua vizuri nani angetupwa: maskini asiye na avoka. Mwenye pesa angetoka.

Kenya walichagua kitu kidogo zaidi, na kwa maoni yetu ni cha akili zaidi. Sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006, kifungu cha 39, inampa hakimu nguvu ya kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari, kwa mfano kama kosa lake ni juu ya mtoto. Mtu huyo akitoka gerezani anabaki chini ya uangalizi wa muda mrefu, unaoweza kuwa wa maisha yake yote. Sheria hiyo inaamuru pia daftari la waliohukumiwa. Kuandika katika sheria na kufanya ni vitu viwili, hilo Wakenya wenyewe wanalisema. Lakini muone wakati: uangalizi unaamriwa siku ya hukumu. Hakimu anafikiria mlango wa kutokea siku ileile anapofunga mlango wa kuingilia.

Sheria iliyolala kwetu

Hapa tunafika mahali palipotushangaza. Tulidhani nchi yetu haina kitu. Inacho, tangu zamani, na kimelala katika kitabu.

Fungueni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 5, panapoandikwa orodha ya adhabu. Watu wanajua gereza na faini. Lakini orodha inaendelea: kulazimishwa kukaa mbali na mahali fulani au na eneo fulani, kulazimishwa kuishi mahali palipotajwa, kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Hizo nazo ni adhabu, sawa na gereza. Mbele kidogo, sheria inaeleza kwamba mtu aliyefanya kosa linaloweza kuadhibiwa kwa miaka 5 au zaidi anaweza kuamriwa na tribinali kukaa mbali na mahali fulani kwa muda wa mwaka mmoja hadi miaka 20. Ubakaji wa mtoto unaingia hapo bila shida yoyote. Na kwa yule anayerudia-rudia makosa kuna kifungu kingine, cha kumweka mikononi mwa serikali baada ya kifungo chake. Hicho ndicho ndugu mdogo wa mambo ya Wamarekani na Wafaransa, na tuliachiwa na Wabelgiji.

Kifungu cha mikononi mwa serikali tunakiogopa kidogo, kwa sababu tulizozisema. Lakini kile cha kukaa mbali, wamama, hicho hakihitaji jengo jipya, wala mganga wa akili, wala pesa ya Kinshasa. Kinahitaji hakimu aandike mstari mmoja katika hukumu: baada ya kifungo, huyu asikae wala asionekane katika komini ya Kikula kwa miaka fulani. Kwa mtoto wetu wa mwaka wa sita, mstari huo ungekuwa tofauti kati ya kuchota maji na kutochota. Mwanaume angeishi Kambove, au Kolwezi, angefanya kazi, angekula, angekuwa mtu huru. Asingekuwa tu pa robineti ile.

Kwa nini hatuusikii mstari huo katika hukumu? Tulipouliza, jibu tulilopata lilikuwa: kwa sababu hakuna anayeuomba. Katika kesi nyingi familia inakuja inawaza mambo mawili, miaka na pesa ya fidia. Avoka anaomba fidia, parke linaomba miaka, hakimu anatoa jibu kwa alichoombwa. Hakuna anayesimama kuuliza: na siku akitoka?

Basi ulizeni ninyi. Mama hawezi kuamuru adhabu. Adhabu inaombwa na mwendesha mashtaka wa parke na kutolewa na tribinali. Lakini mama anaweza kumwambia avoka wake mapema, wakati faili bado iko parke, na anaweza kumuomba mwendesha mashtaka ataje katika maombi yake ya mwisho ile adhabu ya kukaa mbali. Aeleze kwa maneno ya kawaida: mtu huyu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtoto anapita mlangoni pake kila asubuhi kwenda shule, robineti ni moja. Hakimu hajui avenyu yetu. Sisi tunaijua.

Hukumu ikiisha kutoka, ombeni nakala, ichukueni nyumbani, iwekeni pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto. Andikeni tarehe ya kukamatwa, na mhesabu robo kama tulivyofanya hapo juu, mjue ni mwezi gani mlango wa sharti unaanza kufunguka. Kabla ya mwezi huo, familia inaweza kuandika barua kwa parke na kwa Waziri wa Haki, kuomba kwamba kama atafunguliwa, sharti mojawapo liwe kukaa mbali na mtoto. Sheria haikatazi barua. Kama kuandika ni shida, katika chama hiki kuna wanaojua kuandika, na karatasi tutapata.

Mbuzi na franka

Tumeandika mengi juu ya wanaotoka gerezani. Lakini tuseme ukweli, wengi hawatoki gerezani kwa sababu hawakuingia. Familia mbili zinakaa chini ya mwembe, wazee wanasema maneno mazuri juu ya ujirani, mbuzi anatolewa na franka kidogo, na jioni kila mtu analala kwake. Mtoto hakuulizwa. Au, vibaya zaidi, wanasema amuoe. Mwanaume huyo hana hukumu, hana kifungo, hana sharti. Hakuna daftari lolote duniani, la Kenya wala la Marekani, litakaloandika jina lake. Na mara nyingi anayefanya hivi ni mtu tunayemjua: jirani, mjomba, mpangaji, mtu wa kanisa.

Sheria ya 2006 ilikataza hata parke kumaliza mambo ya ubakaji kwa faini ya mapatano. Iliweka pia muda: uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja, na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Tunajua muda huo mara nyingi hauheshimiwi. Lakini unaweza kuutaja mbele ya mkubwa wa ofisi, kwa adabu, na tumeona kwamba mtu anayetaja tarehe ya sheria hasikilizwi sawa na mtu anayelia tu. Kitu kimoja kisingoje kikao wala mwembe: mtoto apelekwe hospitali kabla saa 72 hazijapita, kwa dawa ya kuzuia ukimwi na kwa karatasi ya mganga. Asioshwe kwanza, na nguo zisifuliwe.

Kama mtu anasema haiwezekani, tumkumbushe Kavumu, kule Kivu ya Kusini. Kati ya 2013 na 2016 wasichana wadogo karibu 40, wengine wachanga wasiofikisha miaka miwili, walitolewa vitandani usiku na kubakwa. Watoto walipelekwa hospitali ya Panzi, kwa daktari Mukwege. Kwa miaka mitatu ilionekana kwamba hakuna mwenye nguvu za kumgusa aliyekuwa nyuma ya kundi hilo, sababu alikuwa mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Alikamatwa Juni 2016. Tribinali la kijeshi lilikaa Kavumu kwenyewe, na watoto walisikilizwa kwa namna ya kuficha sura zao. Tarehe 13 Desemba 2017 yeye na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha, na katika Julai 2018 hukumu hiyo ilithibitishwa. Wamama wa Kavumu hawakuwa na pesa kuliko sisi.

Vijana wa kartye

Tuliahidi kurudi. Katika kikao kuna aliyesema tuwaite vijana. Tunaelewa hasira, sisi pia usiku ule hatukulala. Lakini tumeona mahali pengine tairi na petroli vinaishia wapi. Siku moja anachomwa mbakaji, siku ya pili anachomwa mtu anayefanana naye, na mama wa mtoto anaitwa polisi kama mshtakiwa. Mtoto mwenyewe atabeba maisha yake yote kwamba mtu alikufa kwa jina lake. Na yule mama mwingine, yule wa bukari, anasikia tunavyozungumza. Kijana wake naye atatoka siku moja. Tukimwambia leo kwamba hakuna mahali duniani pa kijana wake kurudi, atamrudisha hapahapa, kwa siri, usiku. Afadhali atuambie mapema, na atafute kwa kaka yake wa Fungurume mahali pa kumpokea.

Hilo si wazo letu. Alilisema yeye mwenyewe, siku mbili baada ya kikao, akiwa amesimama mlangoni kwetu na kikapu. Alisema kaka yake ana shamba. Aliuliza kama tunaweza kumwandikia barua.

Juu ya jirani aliyerudi, hukumu ya zamani haikuwa na mstari wa kukaa mbali, na hauwezi kuongezwa sasa. Kilichobaki ni masharti ya kufunguliwa kwake. Siku ya Alhamisi mama atakwenda parke pamoja na wawili wetu, kuuliza kama alifunguliwa kwa sharti, masharti ni yapi, na kuacha barua. Tutasema katika toleo lijalo tulichojibiwa. Chefu wa avenyu ameisha kuzungumza na mwanaume, mbele ya mashahidi, na mwanaume amekubali kuchota maji saa nne ya asubuhi, wakati watoto wako shuleni. Ni makubaliano ya mdomo, yanaweza kuvunjika kesho.

Wakati huohuo mtoto haendi peke yake. Wasichana watatu wa avenyu wanapitia kwao saa kumi na mbili na nusu, na mama mmoja anatembea nyuma yao mpaka mlango wa shule. Zamu zimeandikwa na kubandikwa pa kikao. Juma hili zimejaa. Kwa siku za mtihani zimebaki mbili, Jumanne na Jumatano. Anayeweza aje aandike jina lake.